Farasi Wenye Kwato za Ng'ombe

Mama Generose anasema farasi alimkoholea mgongoni.

Anavyosimulia mwenyewe, ilikuwa asubuhi, jua halijapata nguvu. Alikuwa ameshuka ziwani kusugua sufuria ya bugali, pale Kilibula, hapa Uvira, palipokuwa na nyumba ya mwalimu kabla ziwa Tanganyika halijapanda na kuila ukuta baada ya ukuta. Mwaka huu maji yameanza kurudi nyuma, yanaacha matope, mabati na viatu vya watu. Basi Mama Generose ameinama, anasugua, akasikia nyuma yake: kho! Akadhani ni mlevi. Akageuka amtukane. Kumbe ni kichwa cha farasi kimechomoza katika matope, jicho moja limeziba, lingine linamtazama yeye na sufuria yake. Tena: kho! Halafu farasi akamsalimu kwa Kirundi, kwa heshima zote, na yeye, kwa kuwa wazazi wake wa bonde la Ruzizi walimlea vizuri, akaitikia salamu kwanza ndipo akakimbia.

"Kama ni bongo, kama nadanganya, bugali yangu isiive tena!" alimalizia, akijipiga goti.

Kabla ya saa sita habari ilikuwa imefika mtaa wa Mulongwe, na kule farasi walikuwa watatu. Watu waliotoka msikitini waliikuta imekuwa harusi nzima iliyozama zamani za Wabelgiji, bibi harusi angali juu ya farasi.

Yasmine alisikiliza yote hayo akikaanga sambusa mbele ya nyumba. Mama Generose alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, na Yasmine alishazoea kupunguza maneno yake nusu, halafu nusu tena. Lakini hakusema ni kweli wala hakusema ni uongo. Aliacha shule alipomaliza darasa la sita, na tangu hapo mwalimu wake alikuwa karai la mafuta. Karai halitaki mtu wa haraka. Unaangalia, unangoja, na mafuta yenyewe yanakuambia lini.

"Mama Generose," aliuliza, "alikohoa na sauti ya namna gani?"

"Ya muzee wa kuvuta tumbaku."

"Na sufuria iko wapi?"

"Nilikimbia nikaiacha! Weye ungebeba sufuria mbele ya farasi ya kusema?"

"Basi twende tuichukue."

Walikwenda, na nyuma yao nusu ya mtaa. Sufuria ilikuwa imeondoka, na hiyo haikuwa kazi ya farasi. Lakini kichwa kilikuwepo. Kilikuwa cha bati nene, chekundu kwa kutu, shingo ikiwa na tundu ubavuni. Kila wimbi dogo lilipokuja, maji yaliingia kwenye tundu na hewa ikatoka mdomoni: kho!

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama Generose hakucheka. "Kwa hiyo alikohoa," alisema. "Nani alisema hakukohoa?"

Yasmine alipiga magoti akaanza kufukua kwa mikono. Alipata shingo yenye nywele za waya. Alipata bega lenye mstari mrefu kama kovu. Alipofika kwenye mguu wa mbele aliosha matope. Kwato ilikuwa imepasuka katikati.

"Ni ng'ombe," mvuvi mmoja alisema.

"Ng'ombe na nywele za shingo?"

"Basi ni farasi."

"Farasi na kwato ya ng'ombe? Wapi uliona farasi, weye?"

"Na weye uliona wapi?"

Hapo ubishi ukakwama, kwa sababu katika ule umati wote hakuna aliyewahi kuona farasi kwa macho yake.

* * *

Bibi yake Yasmine, Bi Sofia, alikuwa ameketi kwenye mkeka akichagua mchele. Alizaliwa katika ukoo wa wafanyabiashara wa ziwa, watu ambao mababu zao walivuka zamani kutoka Ujiji, na bado alipenda kuzungumza kwa utaratibu. Aliposikia habari ya farasi hakuinua hata kichwa.

"Kwato zake zikoje?" aliuliza.

"Zimepasuka katikati, Bibi."

Ungo wa mchele ulianguka. Bi Sofia alianza kucheka, kwanza polepole, halafu kwa mwili mzima, mpaka mtandio ukamtoka kichwani na machozi yakashuka. "Halidi!" aliita. "Halidi we! Umerudi na farasi wako!"

Halidi alikuwa marehemu mume wake, babu wa Yasmine. Na habari yenyewe, Bi Sofia alipopata pumzi ya kuisema, ilikuwa hii. Halidi, angali kijana, alipeleka ndagala, dagaa wakavu wa ziwa, Bujumbura wakati wa sikukuu, akakuta mgeni mmoja ameweka manezi uwanjani: duara kubwa lenye farasi waliopakwa rangi, watoto wamepanda, linazunguka. Alirudi Uvira akiwa kama mgonjwa. Hakula. Alisema, "Sofia, watoto wetu watapanda nini? Mbuzi?" Akaenda kwa fundi wa Kalundu aliyeunga mabati ya mashua, akamwambia, nitengenezee farasi. Fundi akauliza, farasi yukoje? Halidi akamwambia, ana ukubwa wa ng'ombe, shingoni ana nywele, mkia wake kama ufagio. Fundi akafikiri. Akaona kama ni ukubwa wa ng'ombe, basi dawa ni kwenda kumpima ng'ombe. Akachukua kamba yake, akaenda mpaka bonde la Ruzizi, akapima, akarudi. Akatengeneza ng'ombe hodari sana, halafu akawatia nywele.

"Walikuja na pembe!" Bi Sofia alisema. "Wallahi, na pembe! Halidi alizikata kwa msumeno, fundi amekaa pembeni amenuna siku nzima. Shika hapo nyuma ya masikio, utasikia visiki."

Mahali penyewe watu walipaita Kwa Halidi. Palikuwa na bembea za kamba za nyavu, na utelezi uliotengenezwa kwa ubavu wa mashua ya zamani, na katikati manezi. Mtoto aliingia kwa kiganja cha ndagala. Siku ya Idi, siku ya Noeli, kila Jumapili, pwani yote ilikuwa kelele. Kisha ikaja vita ya kwanza ya nchi hii. Watu wakavuka kwenda Kigoma. Waliporudi, Halidi akiwa mgonjwa, bembea zilikuwa zimekuwa kuni, mchanga na matete vimefunika manezi, na juu yake mtu amejenga nyumba. Nyumba ile ikauzwa na kuuzwa tena mpaka ikafika kwa mwalimu, na majirani wapya hawakujua wamelalia nini. Bi Sofia alipowasimulia, walidhani ni mazungumzo ya uzee. Halidi akafa. Sasa ziwa, katika hasira zake, lilikuwa limekula nyumba na kuchimba chini yake, halafu likaondoka kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua.

"Kwa nini hukunionyesha picha, Bibi?"

"Picha gani? Picha zilibebwa na mto Mulongwe ule usiku wa mafuriko. Na kaburi lake ziwa limelichukua, unajua mwenyewe." Bi Sofia aliokota mchele, punje kwa punje. Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Nitakuambia kitu, mjukuu wangu. Juzi nilitaka kukumbuka pua yake. Nimeishi na ile pua miaka na miaka. Nikaitafuta, nikakosa."

Yasmine alimsaidia kuokota. Alipomaliza alisema, "Nitakutolea farasi wote."

* * *

Lakini mtu mwingine pia alikuwa amesikia habari ya chuma. Chadrack alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu, mwanaume mnene mwenye kicheko cha kupendeza, na pusipusi yake, mkokoteni wa kusukuma, ilijulikana mji mzima. Alikuja kesho yake na chupa ya gesi na shalumo, mdomo wa moto wa kukatia chuma. Mkubwa wa avenii, kiongozi wa mtaa, alishamwambia kwamba chuma cha pwani ni cha yule atakayekitoa.

Aliikuta pwani imejaa. Akina mama walikuwa wanabeba matope kwa mabeseni, wavuvi wanavuta kwa kamba za nyavu na wimbo wa kuvutia, na kila farasi aliyetoka alipigiwa vigelegele kama mtoto mchanga. Mmoja alikuwa amekosa mkia. Mmoja alikuwa na kaa amelala tumboni. Mmoja, kwa maajabu, alikuwa amewekwa kinyume: wenzake wote waliangalia mbele, yeye aliangalia nyuma.

"Fundi alikuwa amekunywa," Mama Generose alieleza.

Chini ya farasi lilitokea duara lenyewe, na katikati nguzo, imesimama wima kama vile jana tu iliachwa.

Chadrack alitembea kulizunguka, akigonga hapa na pale, macho yakimetameta. "Mama yangu! Hii yote ni chuma? Kata kata, tia mu lori, kwisha!"

"Haikatwi," Yasmine alisema. "Ni ya babu yangu."

"Babu yako iko wapi tuongee naye?"

Watu waliguna. Yasmine alimwangalia tu. Chadrack hakuwa mtu mbaya. Alipoona jinsi anavyoangaliwa alijikuna shingo.

"Dada, sikiliza. Minye siko mwizi. Lakini kintu ya mchezo ni kintu ya kucheza. Hii inalala tu. Ikizunguka, batoto bakapanda bakacheka, minye naacha, nasema mbele ya watu hawa wote. Isipozunguka, ni chuma. Nitarudi Jumamosi."

"Jumamosi?"

"Jumamosi."

"Mumesikia?" Mama Generose alipaaza sauti kwa pwani nzima. "Amesema na mdomo yake! Akigeuka, tutamukata yeye na ile shalumo!"

* * *

Basi Kilibula ikashikwa na wazimu. Wachonga mitumbwi walileta vipande vya mbao kuziba palipotobolewa na kutu. Mwenye duka la rangi akatoa makopo yaliyobaki, bluu ya mashua na nyekundu ya milango, na farasi wakapakwa na kila mwenye mkono, kwa hiyo mmoja akawa na miguu ya bluu na mwingine na mashavu mekundu kama anayeona haya. Yasmine alichukua shingo ya nguzo, pale inapozungukia. Kutu ilikuwa imekamata. Alimimina mafuta ya mawese moto, akangoja. Akasugua, akamimina tena, akangoja. Vijana walitaka kupiga nyundo. "Hapana," alisema. "Itasema yenyewe." Na siku ya pili, mtu alipoegemea farasi mmoja kuvuta pumzi, duara lote likasogea na kulia ngiiii, na pwani nzima ikaruka juu.

Wavulana wenye nguvu walijipanga kusukuma. Likasogea. Watoto wakapanda, likasogea nusu duara, halafu wasukumaji wakazama mchangani mpaka magotini, wakalala chali wakihema.

Chadrack, ambaye kila siku alipita kuangalia mali yake, alisimama pembeni akila muwa. "Hiyo haiitwi mchezo," alisema. "Hiyo inaitwa salongo, kazi ya lazima."

Watu walicheka ingawa hawakutaka.

"Babu alisukumaje?" Yasmine alimwuliza bibi yake.

"Ng'ombe alisukuma. Ule mti mrefu unaotoka nje ya duara kama mkono, ng'ombe alifungwa hapo, akausukuma kwa kifua."

"Ng'ombe!" Mama Generose alijigonga paji la uso. "Juu ya nini hamukuniuliza? Minye nilizaliwa kati ya ng'ombe! Nitaleta ya binamu yangu Nizigiyimana. Ng'ombe minye naongea nazo."

Aliongea nazo kweli. Ng'ombe wa Nizigiyimana alikuja Alhamisi, akafungwa kwenye mti, watoto wakapanda wakashikilia nywele za waya, pumzi zimebanwa. Mama Generose akaongea kwa upole. Akaongea kwa ukali. Akamvuta pembe. Mtu akampiga ng'ombe kiboko, mwingine akamsukuma nyuma. Ng'ombe alimtazama kila mmoja wao kwa zamu, akakunja magoti, akalala. Baadaye aliinuka, akakata kamba, akaenda kula sombe, majani ya muhogo, ya mama mmoja aliyekuwa anaitwanga karibu, kinu na vyote vikaanguka.

"Nimesema ng'ombe naongea nazo," Mama Generose alisema akikung'uta mchanga. "Sikusema zinanisikia."

Watu walitawanyika. Chadrack alitupa ganda la muwa. "Jumamosi," alisema, bila ubaya, akaenda zake.

Yasmine alibaki. Alikaa juu ya beseni lililogeuzwa akaangalia manezi kama anavyoangalia mafuta. Hakufikiri sana, aliangalia tu. Jua lilipita juu ya migongo ya farasi, mmoja baada ya mwingine, na kila mgongo ulikuwa na kutu mbaya, yenye magamba. Isipokuwa mmoja. Yule wa kinyume, mgongo wake ulikuwa laini, umelika, kama kiti cha zamani cha msusi. Watoto wanapanda farasi huyu leo, yule kesho. Huyu alikuwa amekaliwa na mtu mmoja, kila siku, kwa miaka. Na aliyekaa hapo akiangalia nyuma, aliangalia nini? Yasmine aliinuka akapanda. Mbele ya macho yake, hatua chache tu, ulikuwa ule mti unaotoka nje. Pale anaposimama ng'ombe. Uso kwa uso.

Alikimbia mpaka nyumbani, viatu mkononi.

"Bibi! Yule farasi wa kinyume, nani alikaa pale?"

Bi Sofia alifumba macho. "Alikaa dereva. Halidi alimwita hivyo. Kijana wa Luberizi, mwenye ng'ombe. Libérat. Alipenda chai yangu ya tangawizi."

"Alikuwa na fimbo?"

"Fimbo ya nini? Alikuwa anaimba."

* * *

Ijumaa Yasmine alipanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda Luberizi, na sambusa ndani ya kikapu mapajani. Walipita Kiliba na miwa yake, wakapita Sange, vumbi likamfanya mzee, halafu mashamba ya mpunga yakafunguka kijani pande zote mbili, na malori ya Bukavu yakipita katikati yakipiga honi. Aliuliza kwa Libérat mwenye ng'ombe. Kila aliyemwuliza alinyoosha mkono upande ule ule, kwenye mfereji.

Alimkuta amesimama majini, mzee mrefu mwenye kofia ya majani, ng'ombe wake wakinywa. Alikuwa anaimba kwa chini, sauti inayokwenda mbele na kurudi kama mtu anayebembeleza, na ng'ombe waliokuwa bado mbali walikuwa wanakuja, wamenyoosha shingo, bila mtu kuwafukuza. Yasmine alisimama asikatize. Alipomaliza, alisalimia na kusema yeye ni mjukuu wa nani.

Mzee alikula sambusa nzima kabla ya kujibu. "Halidi," alisema. "Mungu amupumzishe. Alikuwa na akili ya kupita watu. Aliona ng'ombe wangu banafuata wimbo ya maji. Akaniambia: Libérat, wimbo ikitembea, ng'ombe itatembea? Nikamwambia, ndiyo. Akaniambia, basi kaa juu ya farasi."

Yasmine alicheka kwa sauti. Kwa hiyo ilikuwa rahisi hivyo! Wimbo umepanda farasi, ng'ombe anaufuata, ng'ombe akiufuata farasi anakwenda, na wimbo unakwenda naye. Ng'ombe hafiki kamwe.

"Kila mwisho nilimupa maji," Libérat alisema haraka, kama mtu aliyeulizwa. "Ziwa iko pale pale. Sikumudanganya hata siku moja."

"Papa Libérat, njoo kesho. Wanataka kuikata."

Mzee alitikisa kichwa. "Ile ng'ombe ilikufa, mwanangu. Minye magoti yamechoka. Na ng'ombe si motere, kusema utaiwasha tu."

Yasmine hakubishana. Alimpa sambusa nyingine. Akasema, kama anazungumza na mfereji, "Farasi wote wametoka, wenye kwato zilizopasuka. Wa kwanza ana alama kwenye bega, kama kovu refu. Hatukujua fundi alitia kovu kwa nini."

Libérat aliacha kutafuna. "Bega gani?"

"La kushoto."

"Ile ni ng'ombe ya baba!" mzee alipiga kelele, na ng'ombe wakainua vichwa. "Bihogo ya kwanza! Alikatwa na waya! Ule fundi wa Kalundu alikuja hapa na kamba yake, akamupima siku nzima, baba akafikiri ni mganga! Mpaka kovu alimutia, na miaka yote ile rangi ilinifichia?" Alikuwa ameshatoka majini, amevaa viatu vyake miguu si yake, akavitoa akavaa tena. "Iko pale? Haijaharibika? Na kovu?"

* * *

Jumamosi pwani ya Kilibula ilikuwa haina mahali pa kutupa sindano. Chadrack alikuwa amekaa juu ya pusipusi yake, chupa ya gesi miguuni. Lori la mpunga lilisimama juu barabarani, na kutoka nyuma akashuka Libérat, halafu ng'ombe mwenye rangi nyekundu iliyokolea, mpole, anayenusa kila kitu.

"Huyu ni Bihogo pia," mzee alisema. "Kizazi cha yule."

Alikwenda moja kwa moja kwa farasi mwenye kovu. Alipitisha mkono begani, akashuka mpaka kwenye kwato. Akamsogeza Bihogo, na Bihogo akamnusa farasi, akampigia pumzi shavuni. "Salimu bibi yako," Libérat alimwambia. Hakuna aliyecheka.

Kisha akapanda. Ilibidi wavuvi wawili wamwinue. Alikaa juu ya yule farasi wa kinyume, na mgongo ule uliolika ukampokea kama haukumsahau. Watoto walipanda, wengine wawili wawili. Bi Sofia alipandishwa juu ya farasi mwenye mashavu mekundu, mtandio umefungwa vizuri, mikono imeshika nywele za waya. Yasmine alisimama katikati, karibu na nguzo, na kopo la mawese.

Libérat alikohoa. Mama Generose akasema, "Kama farasi wangu."

Akaimba.

Sauti haikuwa kubwa. Masikio ya Bihogo yaligeuka, moja halafu lingine. Alimtazama mzee. Mzee akaimba kama anarudi nyuma, kama maji yako pale mbele tu, njoo, njoo. Bihogo akaweka mguu mmoja. Nguzo ikasema ngiii. Akaweka mwingine. Na wimbo ukasogea, ukamwacha, naye akaufuata, na duara lote la bluu na nyekundu likaanza kwenda.

Kelele iliyotoka hapo ilisikika Mulongwe. Akina mama walipiga vigelegele, wavuvi walirusha kofia, watoto walipiga mayowe ya furaha na woga, mmoja akimwita mama yake kila alipompita. "Mama! Mama! Mama!" Mama Generose alikimbia pembeni sambamba na ng'ombe akimwambia kila mtu, "Ni minye nilimuona wa kwanza! Alinisalimia!" Mchanga ulikuwa unatetemeka. Yasmine alijiona anacheka mdomo wazi, mawese yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, na hakujali.

Bi Sofia alipita mara ya kwanza macho amefumba. Mara ya pili ameyafumbua. Zamani, kila duara, alikuwa akitafuta pale karibu na nguzo, pale aliposimama Halidi na kopo lake la mafuta. Sasa alitafuta tena, na akamkuta mtu amesimama, kopo mkononi, tone la mawese kwenye ncha ya pua.

"Pua!" alipiga kelele. "Yasmine! Pua yake ni hiyo hiyo! Usiondoke hapo! Simama hapo hapo!" Akapita, amegeuza shingo yote, akacheka na kulia. "Simama, nakuja tena!"

Na akaja tena, na tena, na Yasmine hakusogea.

Bihogo alipochoka, mzee alinyamaza, manezi ikapunguza na kusimama taratibu. Watu walimgeukia Chadrack. Alikuwa amesimama juu ya pusipusi, na hakuna aliyejua alisimama lini. Alishuka, akajifuta uso.

"Nilisema, na narudia," alisema. "Imezunguka. Siikati." Wakamshangilia, yeye akainua mkono. "Lakini na weye, dada, uelewe. Mkubwa wa avenii alinipa hii pwani. Muzee akirudi kwake na ng'ombe yake, hii italala tena. Ikilala, ni chuma. Minye nitafanya nini? Nitakuja kila Jumamosi kuangalia." Akaangalia watoto juu ya farasi. "Jumamosi ijayo nitaleta batoto yangu."

Akasukuma pusipusi yake ikiwa na chupa ya gesi tu.

Libérat alikuwa ameshamfungua Bihogo na kumpeleka ziwani, kama wimbo ulivyomwahidi. Ng'ombe alikunywa kwa sauti. Juu barabarani dereva wa lori alipiga honi, anarudi bondeni. Nyuma yao watoto hawakuwa wameshuka. Walikaa juu ya farasi wao, wanangoja.

Yasmine alisimama majini karibu na mzee. Alingoja mpaka ng'ombe ainue kichwa.

"Papa Libérat. Huu wimbo, uliupata kwa nani?"

"Kwa baba. Na baba kwa baba yake."

"Na wewe umempa nani?"

"Sijamupa mtu. Watoto wangu bako Bujumbura, banaendesha taksi." Alisafisha mdomo wa ng'ombe kwa kiganja. "Kwetu wimbo ya maji haitoki kwenye ukoo. Ng'ombe ikisikia kwa mgeni, itamufuata mgeni."

Honi ikalia tena. Yasmine alitazama nyuma, akamwona bibi yake bado juu ya farasi mwenye mashavu mekundu, amekataa kushuka, mkono mmoja umeshika waya na mwingine umeweka kivuli machoni, anamtafuta pale karibu na nguzo.

"Ng'ombe nitatafuta," Yasmine alisema. "Mgongo wa kukalia upo. Nakuomba, Papa, unifundishe wimbo."

Mzee hakugeuka. Alishika kamba ya Bihogo, lakini hakuivuta kuelekea kwenye lori. Ng'ombe aliinama akanywa tena, polepole, kama ana siku nzima, na wote wawili wakamwangalia akinywa.